Vifaru Vilivyojiita Matrekta: Kutoka Ujerumani hadi Kongwa

  

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya vifaru vya kivita. Vifaru vya Wajerumani, vile vilivyoitikisa Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Najua yuko atakayeguna: jamani, sisi tunaangalia mawingu, bei ya alizeti inatuumiza kichwa, hivyo vifaru vya Wajerumani vinatuhusu nini? Umeuliza vyema. Nivumilie kidogo, maana habari hii ikishazunguka huko Ulaya inakuja kutua hapa hapa kwetu, katika pori la Kongwa.

Na nikuambie mapema jambo ninalotaka ubaki nalo, nami nitalirudia ili lisikupotee: mashine haishindi peke yake. Nyuma ya mashine kuna fundi, kuna kipuri, kuna mafuta, kuna dereva aliyefunzwa, na chini ya mashine kuna ardhi. Kimojawapo kikikosekana, hata chuma kikiwa kizito kama nyumba, kitasimama. Tuliweke hilo moyoni, tuendelee.

Tuanzie nyumbani, mwaka 1916. Wakati ule nchi hii ilikuwa koloni la Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshafika uwanda wetu wa kati. Mwezi wa Aprili majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Kondoa-Irangi. Mwezi wa Mei kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia pale pale. Alishindwa kuwang'oa. Mwisho wa Julai Dodoma ikatekwa, na reli ya kati ikaanza kubadilisha mikono.

Je, Wajerumani walikuwa na vifaru hapa kwetu? Hawakuwa na hata kimoja. Silaha yao kubwa ilikuwa mizinga ya meli. Manowari yao, Königsberg, iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, ikaanza safari ya nchi kavu. Mizinga ya namna hiyo ndiyo iliyonguruma Kondoa. Na nani aliyeikokota mpaka huko? Huko porini hapakuwa na injini, msikilizaji. Ni watu, kwa kamba na mabega.

Upande wa pili nao mambo hayakuwa mepesi. Van Deventer alikuja na farasi wengi, na wengi wakafa kwa magonjwa. Mvua za masika zilipokolea, njia zikawa tope, magari ya mizigo yakakwama, na askari wakakaa Kondoa wakingoja chakula kisichofika. Ardhi ilikuwa imeshaanza kutoa somo lake. Na aliyelilipia zaidi hakuwa Mwingereza wala Mjerumani. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana kuwa wapagazi. Wazee wa Ugogo wakasimulia kizazi kwa kizazi njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, njaa waliyoiita Mtunya.

Sasa, mwaka ule ule wa 1916, mwezi wa Septemba, huko Ufaransa kwenye mapigano ya mto Somme, Waingereza walileta vitani kitu ambacho hakuna askari aliyewahi kukiona: sanduku la chuma linalotembea kwa minyororo, lenye mizinga na bunduki za rashasha, linavuka mahandaki na kukanyaga seng'enge. Wajerumani walishtuka. Wakakimbilia kuunda chao, wakakiita A7V. Kilikuwa kikubwa, kizito, na kilibeba watu 18 au zaidi ndani yake. Walifanikiwa kutengeneza 20 tu hadi vita ilipokwisha mwaka 1918, ilhali wenzao walikuwa na maelfu.

Walioshindwa wakawekewa masharti. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani ilipigwa marufuku kabisa kuunda vifaru au kuviingiza nchini. Hapo ndipo habari yetu inapoanza kunoga. Ukimkataza mtu kufuga simba, naye akakuonyesha banda na kukuambia ni la mbuzi, utafanyaje? Utaamini au utachungulia?

Wajerumani walijenga banda la mbuzi. Katika miaka ya 1920 makampuni yao makubwa ya chuma, Krupp, Rheinmetall na Daimler-Benz, yalianza kuunda vifaru vya majaribio. Kwenye karatasi havikuandikwa vifaru. Viliandikwa matrekta. Kulikuwa na trekta kubwa, kulikuwa na trekta jepesi. Ila matrekta hayo yalikuwa na mzinga juu.

Wakayajaribu wapi, na wakaguzi wa mkataba wasiyaone? Walikwenda mbali, kwa Warusi. Karibu na mji wa Kazan, kwenye mto Volga, waliendesha shule ya siri iliyoitwa Kama, kuanzia mwaka 1929 hadi 1933. Maofisa wa Ujerumani walijifunza huko kuendesha na kupiga shabaha, na Warusi nao wakajifunza kutoka kwao. Miaka michache baadaye watu hao hao wangekuja kuuana kwa vifaru. Nyumbani Ujerumani, askari wa kawaida walifanya mazoezi kwa magari madogo yaliyovikwa maturubai na mbao ili yafanane na vifaru.

Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, kazi iliongezwa kasi. Mwaka 1934 kiwanda cha Krupp kilianza kutoa kifaru ambacho baadaye kilijulikana kama Panzer I. Na unajua jina lake la kificho lilikuwa nini? Trekta la kilimo. Sitanii. Nyaraka zilisema hivyo hivyo, trekta la kilimo. Kilikuwa kidogo, chenye watu 2 ndani, bunduki 2 za rashasha, bila mzinga. Na katika kuliunda umbo lake, wahandisi wa Krupp walijifunza mengi kutoka kwenye kigari chepesi cha minyororo cha kampuni ya Vickers ya Uingereza. Hilo jina la Vickers, msikilizaji, lishike. Tutakutana nalo tena Kongwa.

Mwaka 1935 Hitler aliutupilia mbali mkataba waziwazi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo zikaundwa divisheni 3 za kwanza za vifaru. Baada ya Panzer I kikaja cha II, kisha cha III na cha IV. Mwezi wa Machi 1939 walipoimeza nchi ya Wacheki, walikuta huko viwanda vizuri na vifaru vizuri, wakavichukua na kuvitumia kama vyao.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Watu wengi wanadhani Wajerumani walishinda mwanzoni kwa sababu vifaru vyao vilikuwa vikubwa kuliko vya wengine. Je, ni kweli? Hapana. Walipoivamia Ufaransa mwezi wa Mei 1940, Wafaransa na washirika wao ndio waliokuwa na vifaru vingi zaidi, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na chuma kinene zaidi na mizinga yenye nguvu zaidi. Vifaru vingi vya Wajerumani vilikuwa vile vidogo, Panzer I na Panzer II.

Walishindaje basi? Hebu tuingie ndani ya kifaru cha Mfaransa. Kile kichwa cha juu kinachozunguka, chenye mzinga, kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtu mmoja! Huyo huyo ndiye kamanda, anatakiwa achungulie nje amwone adui na amwelekeze dereva. Huyo huyo anapakia risasi ya mzinga. Huyo huyo analenga, huyo huyo anapiga. Na akitaka kuzungumza na mwenzake wa kifaru cha jirani, mara nyingi hana redio, apunge bendera. Sasa njoo ndani ya Panzer III ya Mjerumani. Juu kuna watu 3. Mmoja anapakia, mmoja analenga na kupiga, na kamanda kazi yake ni kuangalia na kuamua. Masikioni ana redio. Ofisa wao Heinz Guderian, ambaye katika vita ya kwanza alishughulika na mawasiliano ya redio, alishikilia sana jambo hilo: kila kifaru kisikie amri. Nyuma ya vifaru walikuja askari kwa magari, wakaja mafundi, yakaja magari ya mafuta. Na angani ndege.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ufaransa ilianguka kwa wiki 6, na kilichoiangusha hakikuwa unene wa chuma. Ilikuwa ni mpangilio: mtu aliyefunzwa, redio inayosikika, mafuta yanayofika, fundi aliye karibu. Narudia lile jambo letu: mashine haishindi peke yake.

Lakini ndugu zangu, mshindi naye husahau kilichompa ushindi. Mwezi wa Juni 1941 Wajerumani waliivamia Urusi, na huko wakakutana na kifaru kilichoitwa T-34. Kilikuwa na ngao za chuma zilizolazwa ubavu ili risasi ziteleze, kilikuwa na minyororo mipana iliyopita kwenye tope na theluji, na kilikuwa rahisi kutengeneza. Mizinga midogo ya Wajerumani ilikitekenya tu. Wakubwa wa Berlin wakajibu namna gani? Wakasema: tutaunda kikubwa zaidi.

Mwaka 1942 kikaja Tiger, tani 57, na mzinga wa milimita 88 uliomfikia adui kabla adui hajamfikia. Mwaka 1943 kikaja Panther. Baadaye Tiger wa pili, karibu tani 70. Na mwishoni wakaunda kimoja cha tani 188, ambacho kwa mzaha au kwa kificho walikiita Panya. Panya wa tani 188! Vilijengwa 2 tu vya majaribio, na havikupigana vita ya maana.

Vilikuwa vya kutisha, sikatai. Ila tumwulize fundi, maana fundi ndiye anayejua siri ya mashine. Magurudumu ya Tiger yalipangwa kwa kupishana, moja limelalia jingine, ili uzito usambae vizuri. Kwenye karatasi ni akili nyingi. Sasa gurudumu la ndani likiharibika? Inabidi ung'oe la nje kwanza, na linalofuata, na linalofuata, ndipo ulifikie. Huko Urusi tope liliingia katikati ya magurudumu mchana, usiku likaganda kuwa barafu, asubuhi kifaru hakisogei. Panther nacho kilikuwa na ugonjwa kwenye gia za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye minyororo. Kilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye vita ya Kursk, mwezi wa Julai 1943, vingi viliharibika njiani au kushika moto vyenyewe.

Tiger wa kwanza walitengenezwa kama 1,350 tu kwa vita nzima. Na upande wa pili? Wamarekani walikuwa na kifaru chao, Sherman. Kwa nguvu za mzinga na unene wa ngao hakikuwa cha kumtisha Tiger. Lakini walitengeneza karibu 50,000. Kipuri cha Sherman mmoja kiliingia kwa Sherman mwingine, na fundi wa kawaida aliweza kubadilisha giaboksi na kurudisha kifaru kazini. Waingereza walikitumia kwa mara ya kwanza El Alamein, nchini Misri, mwezi wa Oktoba 1942, dhidi ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Rommel. Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini walikuwepo pia vijana kutoka Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa askari wa kazi, waliopakua, waliojenga, waliobeba. Wenzao wa kikosi cha King's African Rifles walikuwa Abyssinia, yaani Ethiopia ya leo, Madagascar na baadaye Burma.

Mwishoni kabisa, mwezi wa Desemba 1944, Wajerumani walifanya shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi, katika misitu ya Ardennes. Baadhi ya vifaru vyao vikubwa havikupigwa na mtu. Viliishiwa mafuta, na wenyewe wakavitelekeza na kuondoka kwa miguu. Vita ya Ulaya ikaisha Mei 1945.

Haya. Vita imeisha. Dunia imebaki na vifaru vingi visivyo na kazi na watu wengi wasio na mafuta ya kula. Hapa sasa ndipo tunaporudi nyumbani, ndugu wa Kongwa mkae sawa.

Uingereza baada ya vita ilikuwa na shida ya mafuta ya kupikia, siagi ya mimea na sabuni. Vyote viligawiwa kwa mgao. Mwaka 1946 mkurugenzi mmoja wa United Africa Company, Frank Samuel, alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Wakaizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakaandika kwamba inawezekana: ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, akaubeba mradi. Hapa Tanganyika yakachaguliwa maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanzia Kongwa, mwanzoni mwa mwaka 1947.

Kwa nini Kongwa? Waliona pori kubwa lenye watu wachache, wakasema ardhi iko wazi. Hebu niulize: Mgogo anayeijua nchi hii tangu babu wa babu yake, kwa nini asijazane pale kama palikuwa pazuri? Jibu analo hata mtoto wa Mpwapwa. Maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba, na katikati ya msimu, Januari au Februari, zinaweza kukata na kuuacha mmea unanyauka. Ndiyo maana wazee walishika uwele na mtama, mazao yanayovumilia. Elimu hiyo ilikuwepo, bure, midomoni mwa watu. Haikuandikwa kwenye ripoti.

Mradi uliendeshwa kama vita. Maelfu ya waliokuwa wanajeshi wa Uingereza waliomba kazi, na mwaka 1948, shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, lilipoushika mradi, usimamizi wake hapa alipewa jenerali. Mashine nazo zilikuwa za vita: makatapila yaliyobaki kwenye kambi za Wamarekani, hata kutoka Ufilipino, yamechoka, yamekaa mvuani. Na zaidi ya hayo, vikaja vifaru.

Ndiyo, vifaru. Sherman wale wale waliopambana na Wajerumani. Kampuni ya Vickers, ile niliyokuambia ulishike jina lake, ilichukua miili ya Sherman, ikaondoa kichwa cha mzinga na ngao, ikafupisha minyororo, ikaweka kiti cha dereva, ikaviita Shervick. Tazama mambo ya dunia haya. Miaka kumi na kitu nyuma, Wajerumani walikuwa wanaunda vifaru na kuviita matrekta ya kilimo. Sasa Waingereza wanachukua vifaru na kuvifanya matrekta ya kilimo kwelikweli. Wa kwanza walidanganya wakaguzi. Wa pili, je, hawakujidanganya wenyewe?

Kwa sababu kifaru kimeundwa kwa kazi gani? Kujibeba chenyewe, kukimbia, kugeuka, kupiga, kisha kusimama kitengenezwe. Trekta kazi yake ni kukokota mzigo mzito, polepole, kutwa nzima, siku baada ya siku. Giaboksi ni nyingine, minyororo ni mingine, hata upoaji wa injini ni mwingine. Kuondoa mzinga hakuondoi asili ya mashine. Shervick hazikufanya kazi iliyotarajiwa, na katapila chakavu nazo nyingi zilikuwa zimesimama kabla hata mwaka wa kwanza kuisha, zinangoja vipuri ambavyo havikuwepo na mafundi ambao hawakutosha. Mafuriko yaliikata reli, mizigo ikakwama.

Na pori lenyewe je? Vichaka vya Kongwa vilishikana mizizi chini kwa chini. Mibuyu ndiyo usiseme. Ilikuwa ngumu kung'oa, na ndani yake mlikuwa na mizinga mingine, ya nyuki. Katapila likigonga mbuyu, nyuki wanatoka, dereva anaruka na kukimbia. Wako waliofikishwa hospitali. Inasimuliwa kwamba mafundi wa mradi waligundua njia nzuri ya kuangusha pori: unafunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili, yanakwenda sambamba, mnyororo unalaza kila kitu. Wakaagiza minyororo ya nanga kutoka London. Huko London wakacheka, wakadhani ni utani: nanga ya meli, Dodoma? Oda ikafutwa. Ikabidi waeleze upya.

Pori likalala. Sasa ikabaki ardhi yenyewe. Wewe mkulima unaijua karanga. Ua linatoka juu, halafu kikonyo kinainama na kuingia ardhini, na karanga inakua humo humo. Kwa hiyo karanga inataka udongo laini: laini wakati kikonyo kinaingia, laini wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliochanganyika na mfinyanzi. Ukilowa, unalimika. Jua likiupiga, unakuwa kama sakafu. Ule mchanga ulitafuna majembe ya chuma kama tupa. Na mashine nzito zilipopita huku na huku ziliushindilia zaidi. Wakati wa kuvuna, shina linakatika mkononi, karanga zinabaki chini.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mvua nazo zikagoma. Mkamia maji hayanywi, ndugu zangu. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango mkubwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wake zikafutwa vitabuni.

Sisemi Kongwa ilibaki tupu. Mahali pengine palipolimwa pakaja kuwa malisho, na leo mnajua ranchi ya Kongwa na kituo cha utafiti wa mifugo. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola walipiga kambi hapo Kongwa, na hiyo ni heshima ambayo hakuna karanga ingeinunua. Mtwara ilipata bandari kwa sababu ya mradi huo. Na karanga? Zinalimwa. Tembea Kongwa na Mpwapwa msimu wa mavuno, utawakuta akina mama wamekaa kivulini wanabangua, kila mmoja na ekari yake moja au mbili, wanapanda wanapojua mvua imeshika, wanang'oa udongo ukiwa bado na unyevu. Zao halikuwa na kosa, na mkulima hakuwa na kosa.

Sasa tujumlishe. Wajerumani walishinda kwa vifaru vidogo walipokuwa na watu waliofunzwa, redio, mafundi na mafuta. Wakashindwa wakiwa na vifaru vikubwa mafuta yalipoisha, vipuri vilipokosekana na tope lilipoganda. Waingereza walioshinda vita ile wakaja Kongwa na chuma kile kile, wakasahau somo lile lile.

Na sisi je? Nauliza kwa nia njema. Tumeona trekta la kikundi limeegeshwa chini ya mwembe, tairi zimelala, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Tumeona pawatila ikibeba abiria na mchanga kwa sababu shamba imelishindwa. Mwaka 2023 mashamba makubwa ya vijana yalianzishwa Chinangali, wilayani Chamwino, na mashine zikaingia. Tunawaombea mema. Mimi si adui wa mashine, naomba nieleweke. Mama aliyelima kwa jembe la mkono miaka 40 mgongo unamwuma, anastahili trekta. Ila trekta linastahili kuulizwa maswali kabla ya kushangiliwa.

Maswali ni matatu. Chukua kalamu kama iko karibu. La kwanza: likiharibika, fundi yuko wapi na kipuri kinapatikana wapi? Kama jibu ni bandarini, hesabu siku za msimu utakazopoteza. La pili: dereva amefunzwa na nani, na mafuta ya mwaka wa pili yatatoka mfuko gani? Mwaka wa kwanza kila mtu ana pesa. La tatu, na hili ndilo lililowashinda wote niliowataja leo: ardhi hii inasemaje, mvua zake zinasemaje, na je, wanaoilima wameulizwa? Kama mtaalamu amekuja na gari, amepiga picha, ameondoka bila kukaa na mzee mmoja wa kijiji, basi kikao hakijaisha.

Mkutano wa kijiji au wa ushirika ukija na habari ya kukopa mashine, simama, nyoosha mkono, uliza hayo matatu. Watakaokununia wapo. Waache wanune, ilimradi majibu yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi. Deni la trekta lililosimama hulipwa sawasawa na deni la trekta linalolima.